MAFUNZO YA KIINGEREZA: Maneno marefu yaanzayo na IN

Mtu ajifunzaye Kiingereza akikutana na neno lenye herufi 16, kama INCOMPREHENSIBLE, mara nyingi huliruka na kuendelea mbele. Huona ni neno la wataalamu, si lake. Lakini neno refu ni kama mnyama mkubwa aliyechinjwa: hapana awezaye kumbeba mzima, bali akikatwa vipande, hata mtoto ataweza kuchukua kimoja. Leo tutalikata neno hilo, na mengine ya jamii yake, katika sehemu tatu: kichwa, kiwiliwili na mkia.

Kichwa ni IN. Kilitoka katika lugha ya Kilatini, na mara nyingi maana yake ni kukanusha, kama "si" na "-sio" katika Kiswahili. Mkia ni IBLE, au pengine ABLE. Maana ni moja, yaani jambo liwezalo kutendeka. Mkia huo wafanana sana na "-ika" na "-eka" zetu katika vunjika, someka na pitika. Kiwiliwili cha neno letu chatokana na COMPREHEND, yaani kufahamu. Basi unganisha: lisilo, fahamu, ika. INCOMPREHENSIBLE ni jambo lisilofahamika. Neno lililotutisha limekwisha kufahamika!

Herufi N hubadilika

Kichwa hiki hakibaki IN siku zote. Kikitangulia P, B au M, huwa IM. Kikitangulia L, huwa IL, na kikitangulia R, huwa IR. Msomaji asishangae, maana Kiswahili nacho chafanya mambo ya namna hiyo. Twasema "nguo nzuri", lakini hatusemi "nguo nbaya", bali "nguo mbaya". Wala hatusemi "nguo nrefu", bali "nguo ndefu". Sababu ni ile ile: ulimi na midomo hupenda njia iliyo rahisi.

Tazama maneno haya:

INCURABLE: ugonjwa usioponyeka.
INDIVISIBLE: kitu kisichogawanyika.
INEXCUSABLE: kosa lisilosameheka.
IMMOVABLE: kitu kisichohamishika. Mali ya namna hii ni kama ardhi na nyumba.
ILLEGIBLE: mwandiko usiosomeka.
IRRESPONSIBLE: mtu asiyejali wajibu wake.
IRREVOCABLE: jambo lisiloweza kutanguliwa.

Neno hili la mwisho lataka uangalifu. Likiandikwa katika hati ya mapatano, lasema kwamba ahadi uitoayo huwezi kuirudisha baadaye. Mtu alirukaye neno hilo kwa kuwa ni refu, kisha akatia sahihi yake, huenda akajuta wakati ambapo majuto hayafai kitu. Ukiliona, weka kalamu chini kwanza, uulize.

Neno lidanganyalo

Sasa twafika kwenye neno ambalo limewapotosha hata Waingereza wenyewe, nalo ni INFLAMMABLE. Mwanafunzi aliyeshika kanuni yetu ya kwanza atalikata hivi: IN, si, FLAME, mwali wa moto, ABLE, iwezayo. Atasema, "Basi hiki ni kitu kisichowaka moto," na ataliweka debe lake karibu na jiko bila hofu. Kumbe maana ni kinyume kabisa! INFLAMMABLE ni kitu kiwakacho upesi, kama petroli, spiriti na rangi nyingine za mafuta.

Kosa li wapi? Kilatini kilikuwa na vichwa viwili vyenye umbo moja. Kimoja ni IN ya kukanusha. Cha pili ni IN ya "ndani" au "kutia", nacho ndicho kilichomo katika neno IMPORT, kuingiza bidhaa nchini. Kilatini kilikuwa na kitenzi "inflammare", yaani kutia moto, kuwasha, na neno letu lilizaliwa humo. Kwa hiyo lisikatwe IN na FLAMMABLE, bali INFLAMM na ABLE: kiwezacho kuwashwa.

Kwa sababu ya hatari hiyo, mwaka 1959 Shirika la Viwango la Uingereza lilihimiza watu watumie neno FLAMMABLE, bila IN, kwa kitu kiwakacho upesi, na NON-FLAMMABLE kwa kisichowaka upesi. Hata hivyo neno la zamani halikufa. Basi kumbuka: INFLAMMABLE na FLAMMABLE ni ndugu wa maana moja, na yote mawili yasema, "Weka mbali na moto." Ukiwa na shaka, tafuta picha ya mwali wa moto katika debe au chupa.

Maneno mengine mawili nayo yana hila. INVALUABLE si kitu kisicho na thamani, bali ni chenye thamani kubwa hata hakiwezi kukadiriwa bei. INFAMOUS si mtu asiyejulikana, bali ni mtu ajulikanaye kwa ubaya.

Zoezi

Toa neno moja la Kiingereza kwa kila sentensi. Ujue kwamba PASS ni kupita, na SEPARATE ni kutenganisha.

1. Mvua imenyesha sana, na barabara haipitiki.
2. Marafiki hawa wawili hawatenganishiki.
3. Nimepata barua, lakini mwandiko wake hausomeki.
4. Msaada wa jirani yetu ulikuwa na thamani isiyokadirika.
5. Chupa hii ina spiriti, nayo huwaka upesi.

Majibu: 1. IMPASSABLE. 2. INSEPARABLE. 3. ILLEGIBLE. 4. INVALUABLE. 5. INFLAMMABLE.

Ukiwa umekosea la tano, usione haya, lakini lisome tena kabla hujalala. Makosa mengine ya Kiingereza huleta kicheko tu. Hilo huweza kuunguza nyumba.