Noti Zilizokufa

Zamani Wajerumani walitawala nchi hii, hata wakajenga ngome Ikoma, katika Serengeti ya leo. Fedha yao ilikuwa rupia. Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na noti hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Basi tangu mwaka 1915 zilipigwa chapa Dar es Salaam, kisha Tabora.

Kila noti ni ahadi ya serikali. Wajerumani waliposhindwa, ahadi ile ilikufa. Aliyeuza ng'ombe wake kwa noti hizo alibaki na karatasi tu. Jirani yake aliyekataa kuuza aliendelea kukama maziwa. Baadaye ikaja shilingi.

Leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzitafuta noti hizo, kwa kuwa ni mashahidi wa siku zile. Basi ukiona noti ya zamani au stakabadhi ya kodi katika sanduku la babu, usiitupe motoni. Soma mwaka, kiasi na sahihi. Iweke pakavu, mbali na mchwa. Haitanunua hata chumvi, lakini itakueleza mambo ya wazee wako.

Maswali
1. Kwa nini noti zilipigwa chapa Tabora?
2. Ahadi ya noti hufa lini?