Tangazo, malipo na daftari: viunganishe kabla ya mavuno

Mfanyabiashara wa Mvumi anayeuza mafuta ya alizeti, karanga au zabibu hana haja tena ya kuambiwa kwamba simu ni chombo cha biashara. M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, na WhatsApp ya biashara ilitoka mwaka 2018; wauzaji wengi wanazo zote mbili mfukoni. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Tangazo liko Facebook, bei iko WhatsApp, malipo yanaingia kwa Lipa Namba, na jina la mteja haliko popote. Msimu ukiisha, muuzaji huanza upya kana kwamba hajawahi kuuza.

Wataalamu wa masoko huzungumzia mkakati unganishi wa kidijitali. Kwa lugha ya dukani, maana yake ni kwamba kila njia imkabidhi mteja kwa njia inayofuata, hadi jina lake liingie daftarini. Aliyesikia tangazo la redio apate namba ileile iliyo Facebook na iliyobandikwa kwenye dumu. Akipiga au akiandika, akute bei ileile. Akilipa, jina linalotokea kwenye simu yake liwe la biashara anayoijua, si la shemeji wa mwenye duka. Muuzaji mwenye namba tatu, moja kwa kila mtandao, na bei mbili tofauti kwa bidhaa moja, anamfukuza mteja aliyekwisha kumgharimia.

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa kubuni tupige hesabu. Muuza mafuta ya alizeti anapata faida ya Sh. 8,000/- kwa kila dumu kabla ya gharama za matangazo. Analipia tangazo la Facebook Sh. 30,000/-. Watu 40 wanaandika kuulizia, na sita wananunua dumu moja kila mmoja. Faida ni Sh. 48,000/-, ukitoa tangazo zinabaki Sh. 18,000/-. Wiki hiyohiyo anatuma meseji za kawaida kwa wateja wake 100 wa zamani kwa Sh. 2,000/-. Tisa wananunua: faida ni Sh. 72,000/-, na zinabaki Sh. 70,000/-.

Wengi hapo wangeamua kwamba Facebook ni hasara na meseji ndiyo mali. Uamuzi huo si sahihi. Wale 100 walitoka wapi? Walitokana na matangazo na minada ya misimu iliyopita. Kila mwaka baadhi yao huhama au hupata muuzaji mwingine, na orodha isiyoongezwa hupungua. Tuseme wanne kati ya wale sita wapya walirudi kununua mara mbili zaidi ndani ya mwaka kwa sababu walikumbushwa kwa meseji. Hiyo ni Sh. 64,000/- nyingine, na tangazo lililoonekana dhaifu sasa limeacha Sh. 82,000/-, ukiondoa gharama ndogo ya meseji. Bila daftari, hesabu hii haionekani kabisa.

Na wale 34 walioulizia wasinunue? Hao ndio muuzaji huwasahau haraka zaidi, ilhali wamempa taarifa ya soko bure. Kila mmoja aandikwe na sababu yake: bei, nauli ya mzigo, au alitaka kipimo kidogo. Ikionekana kwamba 20 walitaka lita moja, chupa ndogo zitaleta mauzo kuliko tangazo la pili. Idadi ya watu waliopenda picha yako haitakuambia hilo, na hailipi mashine ya kukamua.

Kuna hatari ambayo mwenye mtaji mdogo hapaswi kuipuuza. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa saa zipatazo sita, maana zote ni za kampuni moja. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hali kama hiyo ikiangukia wakati zabibu zimeiva, mkulima anapoteza mavuno, kwani zabibu iliyokatwa haimsubiri mnunuzi. Kwa hiyo namba za wateja ziandikwe pia kwenye karatasi, na mnada usiachwe. Mteja wa mnadani naye aombwe namba yake.

Kuhusu wakati wa kutangaza, Dodoma ina faida yake. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, watumishi wenye mshahara wa mwezi wameongezeka, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa 2007, huja na kuondoka kwa kalenda inayojulikana. Meseji ya mafuta ya jikoni ikimfikia mtumishi mshahara ukiwa umeingia husomwa tofauti na ile ya katikati ya mwezi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo oda zianze kukusanywa kabla ya kukata kichala cha kwanza. Kwa wateja wazee wa vijijini, sauti fupi ya Kigogo kwenye WhatsApp inafaa kuliko picha yenye maandishi mengi.

Aidha, orodha ya wateja ina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mteja aelezwe kwa nini namba yake inachukuliwa, na akisema asitumiwe tena, afutwe. Kumuuzia jirani orodha hiyo ili apate wateja wa nguo au mikopo ni kosa, hata kama mlianza biashara pamoja.