Somo la Jumapili: Mwache Mwenzako Achague Kwanza
Masomo: Mwanzo 13:1-17, Wafilipi 2:3-8



Abramu na Lutu hawakutenganishwa na njaa. Walitenganishwa na wingi: mifugo iliongezeka, malisho hayakutosha, wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, naye ndiye aliyepewa ahadi ya nchi. Alikuwa na haki ya kuchagua kwanza. Lakini alimwachia mtoto wa nduguye achague upande autakao, na Lutu akachukua bonde la Yordani lenye maji tele.

Kwetu Guangzhou, jaribu hili liko Tianxiu Dasha, hasa Aprili na Oktoba, Maonyesho ya Canton yanapojaza wageni Xiaobei. Ndugu anafika kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Goma. Hajui Kichina, na mtaji wake pengine ni mkopo wa kikoba. Anakuomba umtafsirie. Muuzaji anakutajia bei, na wewe unaweza kuweka cha juu bila mgeni kujua. Malipo ya kazi yako ni halali (Luka 10:7), mtajie mapema. Lakini cha juu cha siri huenda ni ada ya shule ya watoto wake.

Paulo hawaambii Wafilipi waache kutafuta riziki. Anawakataza ubinafsi, kisha anawaonyesha Kristo, aliyekuwa na haki zote akajishusha hadi msalabani.

Tusidanganyane: kumtanguliza mwenzako kuna gharama. Ukimwelekeza kiwanda, kesho anaweza kuwa mshindani wako Kariakoo. Lutu aliondoka na bonde zuri kweli. Lakini alipokwisha kwenda, Mungu alisema na Abramu na kumthibitishia ahadi yake. Abramu aliweza kuachia bonde kwa sababu tumaini lake halikuwa bondeni. Aliye na hakika kwamba Mungu anamlisha hana sababu ya kumla ndugu yake.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kwa nini Abramu hakuogopa kukosa?
2. Wazazi: kontena likibaki na nafasi ndogo, mzigo wa nani uingie kwanza? Kwa nini?
3. Watoto: imebaki chapati moja nanyi ni wawili. Wewe ukikata, nani achague kipande?

Sala: Bwana, utuondolee hofu ya kupungukiwa, ili tuwatendee haki wanaotutegemea. Amina.