Akiba Haiozi, Lakini Takataka Huoza



Somo letu la safari hii halihitaji mbegu wala mbolea. Linahitaji ufagio, gunia tupu na moyo wa kusema, "Hiki sikihitaji." Tunazungumza juu ya vitu tunavyorundika chini ya kitanda, juu ya kabati na nyuma ya jikoni, mpaka mtu anapita kwa ubavu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tulimtembelea mama mmoja wa kikundi. Kabla hatujaketi alisema, "Msiangalie nyumba yangu, jamani." Juu ya kabati kulikuwa na chupa tatu za chai za merigoraundi, bado ziko na karatasi zake. Sisi wageni tulipewa vikombe vizuri, watoto wakanywa kwa mikebe. Tulipoulizia kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, aliitafuta karibu nusu saa. Ilikuwa chini ya godoro, imetafunwa na panya. Mama akacheka, kisha akanyamaza. "Juzi usiku alikuwa na homa," akasema, "nikaenda zahanati bila kadi." Hatukumcheka, maanake wengi wetu tukifungua milango yetu ni hayo hayo.

Kwa nini tunarundika?

Si uvivu. Wengi wetu tulilelewa na shida. Mkebe ulikuwa kikombe, gunia lilikuwa blanketi, na msumari uliopinda ulinyooshwa. Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi, na walisema kweli. Lakini hebu tuulizane, akiba ni nini? Akiba ni kitu kizima, unajua kiko wapi, na unajua kazi yake. Kiti kilichovunjika mguu miaka minne iliyopita, na hakuna aliyekigusa, hicho si akiba. Ni nyumba ya panya.

Mrundo unatudhuru vipi?

Kwanza, chakula. Mahindi yakilazwa sakafuni kwenye kona, yakaegemea ukuta na kuzungukwa na vitu, hayapati hewa. Yanapata unyevu na kuota kuvu. Mwaka 2004, sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, iliua watu 125 hapa kwetu Kenya, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mahindi yakaushwe vizuri, na magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, mahali mtu anaweza kupita na kukagua.

Pili, mbu. Mbu wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya hutaga katika maji kidogo tu ya mkebe, tairi kuukuu au sufuria iliyotoboka. Kwa wiki moja hivi au siku kumi, yai limekuwa mbu. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa waliijua chikungunya mwaka 2004. Mbu hawa huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku peke yake haitoshi.

Tatu, watoto wetu. Mafuta taa yako katika chupa ya soda, dawa ya ng'ombe iko katika chupa ya maji, na zote ziko chini ya kitanda pamoja na viatu. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Akinywa mafuta taa, msimtapishe, maana mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali mara moja, na mbebe ile chupa.

Nne, pesa. Kila kitu kinachokaa bure nyumbani kilinunuliwa. Mama anayo masufuria kumi na mawili, lakini muhula ukifunguliwa anakwenda kukopa karo.

Tufanye nini nyumbani?

1. Chagueni siku moja, na muanze na chumba kimoja tu. Ukianza na nyumba nzima utachoka saa sita na kurudisha kila kitu mahali pake.

2. Toeni vitu vyote nje juani. Godoro na blanketi zianikwe. Fagieni mpaka pembeni.

3. Tengeni mafungu manne: cha kutumia, cha kutengeneza, cha kumpa mwingine, na cha kutupa. Cha kutengeneza kipewe mwezi mmoja. Mwezi ukiisha hakijatengenezwa, kihamie fungu lingine.

4. Vitu vya mzee, vya mama mkwe, au vya marehemu visiguswe bila kuulizana. Kanzu kuukuu inaweza kuwa kumbukumbu. Pia, baba asitupe vya mama, wala mama vya baba. Nyumba safi yenye ugomvi haijasafika.

5. Kila kitu kipate mahali pake. Vyombo vikae kwenye kichanja juani. Nguo zitundikwe kwenye kamba au misumari. Sumu na mafuta taa viwe juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, katika chupa zake zenye alama. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba viwe katika mkebe mmoja wenye kifuniko, na watu wazima wote wa nyumba waujue.

6. Maganda na majani yaende kwenye shimo la mbolea. Vyuma na plastiki ngumu viuzwe kwa wanaokusanya. Chupa ya dawa ya shambani ikiisha, itobolewe na isitumiwe kamwe kwa maji au maziwa. Plastiki msichome karibu na jikoni, moshi wake ni mbaya.

7. Kabla ya kununua kipya, jiulize: kitakaa wapi? Kitafanya kazi gani wiki hii? Kama jibu ni "wageni wataona," ngoja kwanza.

Na kikundi je?

Hapa tunataka tusemezane ukweli, hata kama utauma. Vikundi vyetu vingi hununuliana vyombo kila mwezi. Ni jambo zuri, limewaondolea wengi aibu ya kuazima. Lakini mama akishapata vyombo vya kutosha, tunaendelea kumletea vya nini?

Tuchukue kikundi cha watu 12, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi. Mkiamua shilingi 100 ziendelee na merigoraundi na 100 ziwekwe, kila mmoja atakuwa na akiba ya 1,200 kwa mwaka, na kikundi kizima 14,400. Hizo mnaweza kukopeshana wakati wa karo au ugonjwa. Ziandikwe zote, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Na vile vyombo vikubwa vya sherehe, masufuria na viti, vinunuliwe mara moja kwa jina la kikundi, viazimwe kwa zamu. Hakuna haja kila nyumba kuweka sufuria ya arusi ambayo hupikiwa mara moja kwa mwaka.

Kuishi kwa vitu vichache si umaskini. Maskini ni yule mwenye vitu vingi na hana pa kumlaza mtoto. Yule mama tuliyemtembelea alituita tena baada ya wiki tatu. Hakuwa amenunua kitu. Tulinywa chai sisi na watoto, wote kwa vikombe vya kabatini. Na kadi ya kliniki aliitoa kabla hatujaiuliza.

Maswali ya kujadili

1. Ni kitu gani nyumbani kwako ambacho hakijatumika tangu mwaka jana? Ni nini kinakuzuia kukitoa?

2. Usiku huu mtoto akiugua, utaipata kadi yake bila taa?

3. Kikundi chetu kinanunua nini, na bado tunakihitaji?

4. Nani atatembelewa kwanza mwezi ujao, ili tumsaidie kutoa vitu nje?