Mabaki ya Jikoni: Jua Kwanza Maji ya Sinki Yako Yanaishia Wapi

Mlaji anayejenga nyumba au kukarabati jiko huenda akashauriwa kununua mashine ya kusaga mabaki ya chakula, ile inayofungwa chini ya sinki. Huelezwa kwamba mashine hiyo itamwondolea adha ya ndoo ya takataka, harufu na nzi. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ukweli huo hautoshi kumfanya mtu atoe fedha zake. Katika somo hili tunaeleza namna mashine hiyo inavyofanya kazi, nyumba inayoifaa, na kinachoifaa nyumba isiyoweza kuitumia.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine hii ilibuniwa mwaka 1927 na John Hammes, msanifu majengo wa mji wa Racine, Marekani. Wengi hudhani kwamba ndani yake mna visu. Kwa hakika mna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi na kuyasukuma mabaki kwenye ukingo wenye meno, hadi yasagike na kuwa uji. Maji ya bomba huusukuma uji huo kwenye bomba la kutolea majitaka.

Basi mashine haiondoi takataka, bali huzihamisha kutoka kwenye ndoo na kuzipeleka kwenye bomba. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mlaji lisiwe la bei wala la ukubwa wa mota, bali liwe hili: maji ya sinki langu yanaishia wapi?

Majibu matatu ya swali hilo

*Yanaingia kwenye mtandao wa majitaka wa mji.* Hapa mashine yaweza kufaa, lakini mlaji aulize kwanza mamlaka ya maji ya eneo lake kama inaruhusu. Hata jiji la New York, lenye mtandao mkubwa wa majitaka, liliizuia katika sehemu kubwa ya jiji na kuiruhusu mwaka 1997, baada ya kuchunguza iwapo mabomba yangeweza kuuhimili mzigo huo.

*Yanaingia kwenye karo la nyumbani.* Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za mijini nchini Tanzania. Ndani ya karo, vitu vizito hutuama chini na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hupita kwenda kwenye shimo la kunyonya. Chakula kilichosagwa huongeza tope, na karo hujaa kabla ya wakati wake. Mwenye nyumba atalazimika kuliita gari la kunyonya majitaka mara nyingi zaidi. Akichelewa, tope litavuka hadi kwenye shimo la kunyonya na kuziba vinyweleo vya udongo. Shimo likishaziba, aghalabu huna budi kuchimba jingine, na gharama yake yaweza kuizidi kwa mbali bei ya mashine.

*Yanaingia moja kwa moja kwenye shimo au kwenye mtaro wa wazi.* Hapa tunamshauri mlaji asinunue kabisa. Uji wa chakula ukisimama mtaroni huoza, hunuka na huvuta nzi, na maji machafu yaliyotuama ni mazalio ya mbu.

Chunguza pia chakula chenu

Hebu mlaji aitazame ndoo ya jikoni kwake kwa siku tatu. Je, mna nini ndani yake? Vifuu vya nazi, maganda ya mahindi, maganda ya ndizi, makapi ya muwa, kokwa za maembe na mifupa mikubwa? Vitu vigumu huikwamisha mashine, na vyenye nyuzi hujizungusha ndani yake. Wali na ugali hufura na kuganda kwenye bomba. Mafuta ya kukaangia huganda yakipoa na kulisakama. Ikiwa sehemu kubwa ya ndoo ni vitu vya namna hiyo, ndoo haitaondoka hata mashine ikinunuliwa.

Tena, mashine huhitaji umeme na maji yanayotiririka kila inapotumika. Penye mgao wa maji itakaa bila kazi.

Ukiamua kununua

Kwa mlaji ambaye nyumba yake inafaa, tunashauri yafuatayo:

1. Soma kibandiko cha mashine. Iwe ya volti 220 hadi 240 na hezi 50. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kawaida hubadili volti tu, haibadili hezi.
2. Kwa familia ya kawaida, mota ya nusu hadi robo tatu ya nguvu farasi hutosha.
3. Pima tundu la sinki. Mashine nyingi huhitaji tundu la milimita 90 hivi, na masinki mengi yana tundu dogo kuliko hilo.
4. Penye watoto, chagua ile isiyowaka mpaka kifuniko kiwekwe.
5. Uliza vipuri vinapatikana wapi na nani ataifunga. Dai risiti ya EFD na hati ya waranti yenye tarehe.

Usitie mkono ndani ya mashine kamwe. Ikikwama, chomoa waya wa umeme kwanza, kisha tumia koleo.

Chaguo la nyumba nyingi

Kwa nyumba nyingi tunapendekeza vyombo viwili vyenye mifuniko: kimoja cha mabaki yanayooza, kingine cha takataka kavu. Chombo cha mabaki kiwe kidogo, cha lita 10 hivi, ili kimwagwe kila siku. Kwenye joto, yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ndoo kubwa inayosubiri gari la taka kwa wiki nzima huwa kitalu cha nzi.

Mwenye uwanja, hata mdogo, aweza kutengeneza mboji. Toboa matundu kwenye ndoo kuukuu ya lita 20. Weka tabaka la majani makavu au maranda, kisha mabaki ya mboga na matunda, kisha tabaka jingine kavu lililo nene kuliko la mabaki. Usitie nyama, samaki wala mafuta. Geuza kila wiki, na hakikisha unyevu wake ni kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya miezi michache utapata mbolea ya kustawishia mchicha.

Maswali ya kujibu kabla ya kwenda dukani

1. Maji ya sinki langu yanaishia wapi?
2. Karo langu lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kwa gharama gani?
3. Nusu ya mabaki yetu, au zaidi, yanaweza kusagwa?
4. Maji hutoka bombani kila siku?

Jibu la swali la kwanza likiwa ni mtandao wa mji, na la tatu na la nne likiwa ndiyo, mlaji aweza kuendelea na upimaji wa tundu la sinki. Vinginevyo, fedha hizo zitamfaa zaidi akinunua ndoo mbili nzuri zenye mifuniko, na zitakazosalia aziweke kwa ajili ya matunzo ya karo.