SOMO LA MATUNZO YA GARI: LORI LA CHAMA LINAPOKATAA KUWAKA



Mkaguzi amezoeleka kuulizia stakabadhi na daftari la fedha, wala si spana. Lakini gari la chama ni mali ya wanachama sawasawa na ghala, na matengenezo yake ni matumizi ambayo halmashauri nyingi huyapitisha bila kuyaelewa. Kwa hiyo somo hili linawahusu makatibu na wajumbe, si madereva peke yao.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi katika miteremko ya Mlima Meru. Hati za malipo zilionyesha kwamba katika miezi 18 lori la chama lilinunuliwa betri mara tatu, mbili mbili. Hati zote zilikuwa halali. Kilichonishtua kilikuwa nje ya ofisi: lori limeegeshwa mtelemkoni nyuma ya ghala, jiwe chini ya gurudumu. Dereva alieleza kwamba kila asubuhi huliachia literemke ndipo liwake. Tulipofungua boneti tukakuta mkanda wa alternata umelegea hata unateleza. Kila betri ilitoka dukani na chaji yake, ikatumika, haikujazwa tena ipasavyo, ikafa. Betri sita ziliharibika kwa ajili ya mkanda mmoja, na gharama yake ilitoka katika fedha ambazo wakulima walizingojea kuwa malipo ya pili ya kahawa.

Basi swali la kwanza ni hili: ufunguo ukizungushwa, je, stata inaizungusha injini kwa nguvu? Ikiwa inazungusha kwa uvivu, au inalia “ta” mara moja na kunyamaza, washeni taa kubwa kisha mjaribu tena. Taa zikififia sana, umeme ni haba. Msikimbilie duka. Tazameni kwanza vichwa vya betri kama vina ukungu mweupe, na waya wa athi unaofungwa kwenye chesisi kama umelegea; kiungo kinachopata moto wakati wa kupiga stata ndicho kibovu. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika, husoma karibu 12.6, injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Kwa lori la volti 24 zidisheni mara mbili. Kipimo kisipopanda injini inapowaka, kosa limo katika mkanda, nyaya au alternata. Wako mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiwaka ili “kupima chaji.” Desturi hiyo ni ya enzi za dainamo, alternata huweza kuungua kwayo, nanyi mkalipia hasara ya pili.

Ikiwa injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki, acheni betri, tafuteni mafuta. Katika injini za dizeli za kawaida, ikiwa bomba la moshi halitoi moshi wowote wakati wa kupiga stata, yaelekea dizeli haifiki kwenye silinda. Hapa kwetu liko jambo moja linalosahauliwa: lori lenye mafuta kidogo likipanda kuelekea Nkoaranga au Poli, dizeli hukimbilia upande mmoja wa tangi, bomba la kunyonya likabaki wazi, upepo ukaingia. Hata mkijaza tangi baadaye, lori halitawaka mpaka upepo utolewe. Legezeni skrubu ya kutolea upepo kwenye filta, pigeni pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha kazeni. Ni kazi ya dakika chache. Msikubali pampu kuu ifunguliwe kabla ya hayo kufanyika na filta kutazamwa.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai, maana yake mafuta yanafika lakini hayaungui. Katika magari yenye plagi za joto, anzeni hapo. Lakini moshi mweupe ukiendelea injini ikiwa imepata moto, na maji ya rejeta yanapungua, zimeni gari mwite fundi. Msimwagie maji rejeta iliyochemka. Kwa mwinuko wa Arusha, yapata meta 1,400, maji yasiyokuwa na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliochakaa una madhara zaidi huku kuliko pwani.

Kwa gari dogo la petroli, chomoeni plagi: ikiwa imelowa mafuta, chunguzeni umeme wake; ikiwa kavu, chunguzeni njia ya petroli.

Dereva aandike katika daftari la safari tarehe, dalili aliyoiona na kipimo cha betri kabla gari halijapelekwa gereji. Fundi naye arudishe kila kipuri alichokitoa. Katibu akiweke ofisini, kikiwa na namba ya hati ya malipo, mpaka ukaguzi upite.