Somo la Tano: Mabaki ya Kitenge ni Sehemu ya Fedha Yako

Mlaji anapopeleka kitenge kwa fundi cherehani, huuliza mambo mawili: mshono ni kiasi gani, na nguo itakuwa tayari lini. Swali la tatu husahaulika: kitabaki kitambaa kiasi gani, na kitakwenda wapi? Katika somo hili tunaeleza thamani ya swali hilo, namna ya kuyakagua mabaki kabla ya kuyatumia, na vitu vinavyoweza kushonwa kwa mabaki hayo bila kumhatarisha mtu yeyote nyumbani.

1. Thamani ya mabaki

Mara nyingi kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi 6, yaani takriban meta 5.5. Tuseme umekinunua kwa shilingi 30,000, na gauni lako likatumia yadi 4. Yadi 2 zilizobaki ni theluthi moja ya kitambaa. Umezilipia shilingi 10,000.

Kitambaa ulichokinunua ni mali yako, na mabaki yake vilevile, isipokuwa kama wewe na fundi mmekubaliana vinginevyo. Wapo wateja wanaomwachia fundi mabaki kwa hiari yao, au kwa kupunguziwa bei ya mshono. Hilo si kosa. Kosa ni kuliacha jambo hilo bila kusemwa, kisha kulaumiana siku ya kuchukua nguo. Tunashauri kitambaa kipimwe mbele yenu nyote wawili, na kipimo kiandikwe kwenye stakabadhi pamoja na maneno "mabaki yarudishwe". Omba pia vipande vidogo, kwani hata kipande chenye upana wa kiganja kina kazi yake.

2. Ukaguzi kabla ya kushona

Mabaki yanayokusanywa nyumbani hutoka katika vitambaa vya aina nyingi. Kabla ya kuviunganisha, tunamshauri mlaji avipime kwa njia tatu.

(a) Rangi. Lowesha pembe ya kipande kwa maji ya vuguvugu, kisha ikandamize juu ya kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye cheupe, kipande hicho kinachuja. Kifue peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Kisipokoma kuchuja, usikichanganye na vingine. Kipande kimoja kinachochuja huweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

(b) Kusinyaa. Fua, anika na upige pasi vipande vyote kabla ya kuvikata. Pamba mpya husinyaa inapofuliwa kwa mara ya kwanza. Ikishonwa pamoja na kitambaa kilichokwisha kufuliwa, mishono hukunjamana.

(c) Aina ya uzi. Sokoni kuna vitenge vya poliesta vinavyofanana sana na vya pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha ziguse kwa moto wa kiberiti. Nyuzi za pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nyuzi za poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, mbali na watoto, maji yakiwa karibu.

3. Matumizi ya mabaki

Shuka la viraka. Kata miraba ya sentimeta 15 kila upande. Ukiacha sentimeta 1 ya mshono kila ukingo, mraba utabaki na sentimeta 13. Safu 10 za miraba 8 hutumia miraba 80 na kutoa shuka la sentimeta 104 kwa 130, linalomtosha mtoto mdogo. Kwa kuwa vitenge vingi vina upana wa takriban sentimeta 115, yadi 2 za mfano wetu, zikibaki kipande kimoja, hutoa miraba 84. Shilingi 10,000 ambazo zingebaki sakafuni kwa fundi zimekuwa shuka.

Vipande visivyolingana. Si lazima kila kipande kiwe mraba. Wasiddi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Afrika, hushona kwa mkono shuka zinazoitwa kawandi kwa mabaki ya nguo kuukuu. Mshonaji huanzia kwenye ukingo wa kitambaa cha chini, akazunguka kuelekea katikati huku akipachika kipande kando ya kipande. Njia hii haihitaji cherehani wala vipimo vya usawa.

Mkoba wa sokoni. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mkoba wa viraka wenye bitana hufulika na hutumika tena na tena. Mishono ya mikono yake ishonwe mara mbili, kwani hapo ndipo uzito wote unaponing'inia.

Vitambaa vya kushikia sufuria. Tumia pamba pekee, na katikati weka tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba. Poliesta ikigusa sufuria ya moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na jeraha lake huwa baya. Hii ndiyo sababu kubwa ya kufanya jaribio la (c). Vipande vya poliesta viwekwe kando kwa ajili ya mikoba na mapambo.

4. Tahadhari kwa watoto

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilazwe pamoja na shuka lililojazwa pamba, mto au mwanasesere wa kitambaa, kwa sababu vitu hivyo vyaweza kumziba pumzi. Vitu vya watoto wadogo visiwekwe vifungo wala shanga, vikichomoka humezwa. Ukinunua bidhaa ya viraka kwa ajili ya mtoto, vuta kila mshono kwa vidole kabla ya kulipa, na umuulize muuzaji ni kitambaa gani kimetumika, ndani na nje.

Jipime

1. Je, stakabadhi yako ya mwisho ya fundi ilitaja yadi ulizompelekea?
2. Katika mabaki uliyonayo nyumbani, ni vipande vipi vya pamba na vipi vya poliesta?
3. Ni kipande gani ambacho hungethubutu kukitumia jikoni, na kwa nini?

Mlaji anayeweza kuyajibu maswali haya amelielewa somo. Asiyeweza aanze na swali la kwanza, siku atakapokwenda tena kwa fundi.